Joos van Hamme, Aliyekwangua Alama za Punda

Marehemu Joos van Hamme alizaliwa Oudenaarde tarehe 11 Novemba 1478, mtoto wa tatu wa Gillis, mfumaji, na mkewe Katelijne.

Mwaka 1486 aliingia shule ya waimbaji. Huko alifunzwa kwamba kitabu cha nyimbo hakisemi yote: pale sauti mbili zinapotaka kugongana, mwimbaji hupandisha au kushusha sauti yake nusu hatua kwa sikio lake, bila kuandikiwa.

Alianza kuongoza waimbaji hapa Mechelen mwaka 1503, na tarehe 4 Februari 1505 alimwoa Lijsbet, binti wa mpika bia. Alikuwa mbishi, tusidanganyane msibani. Mwaka 1521 Padri Reinier aliagiza kila nusu hatua iwekewe alama vitabuni. Joos alichukua kisu, akazikwangua Kwaresima nzima.

“Mzee Joos, unaharibu vitabu vya kanisa!”

“Naviponya, Padri. Hizi ni alama za punda. Mwenye macho haambiwi tazama, na mwenye masikio haambiwi panda!”

“Haya. Pasaka sauti zikigongana hata mara moja, kazi huna.”

Hazikugongana. Padri mwenyewe alimletea paja la nguruwe, wakalila pamoja.

Septemba iliyopita kifua kilimbana. Akiwa kitandani aliandika misa ya maziko yake, hii tutakayoiimba sasa hivi. Cornelis, mwimbaji wake wa sauti nzito, alimsihi: “Mwalimu, pale katikati patatuaibisha mbele za watu. Tuwekee alama, hata moja tu.”

“Nikufunge na kengele shingoni? Sikilizaneni!”

Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi 1539, Lijsbet akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane huyo, binti yake Barbel, wajukuu wanne na waimbaji kumi na wawili wenye hofu.

Leo asubuhi Lijsbet aliuinua dirishani ukurasa wa misa hii. Pale katikati, anapopaogopa Cornelis, ngozi iliyoandikiwa imekwanguliwa mpaka mwanga unapenya. Kumbe Joos naye aliogopa. Aliiandika alama, kisha akaifuta, akatuamini.

Basi Cornelis, na ninyi wenzake, mkifika hapo msitazame kitabu. Pumzika kwa amani, Joos wetu. Tunakuimbia bila alama.