Nyota Changa Nyuma ya Vumbi

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja la mbao lililoinama upande, mkabala na lango la hospitali, pamoja na jiko la Mama Birika muuza kahawa. Na mama mmoja kijana alikuwa amekaa nchani, kwa sababu mlinzi aliwatoa wazazi wodini madaktari wapite, na mwanawe, njiti aliyezaliwa kabla ya wakati, kalazwa chini ya taa ya kumpasha joto, na joto lake lapanda, lashuka, lapanda, na nesi kila akiulizwa ni tusubiri, tusubiri, na kusubiri huko ni kumeza kaa la moto. Hakuja kupiga soga. Lakini wasemao macho hayana pazia wameyasahau masikio.

— Redio imesema, alianza Antena, mzee ambaye redio haimtoki begani. Nyota changa, zile zinazozaliwa ndani ya vumbi zito kwenye sahani ya galaksi yetu, mwanga wake hautulii. Mara ung'ae, mara ufifie.

— Ziko ndani ya vumbi, nani kaziona? aliuliza Mama Birika.

— Darubini za mwanga wa joto. Jicho haliuoni.

Fundi Rimoti, mwenye meza ya kutengenezea vyombo pale pale, alielekeza rimoti kwenye kamera ya simu, akabonyeza. Kiooni ikapepesa taa ndogo ya zambarau.

— Ndio huo. Jicho halioni, kamera inaona. Na ukipepesa hivi, mimi nambadilishia mtu betri. Nyota zenu zimekwisha chaji.

— Changa ziishe chaji, bwana? Samaki mkunje angali mbichi.

— Methali hiyo inaingiaje hapa, Antena? akauliza Fundi.

— Sukuma, itaingia. Redio inasema pengine vumbi linapita mbele yake. Au nyota inakula, gesi inaiangukia kwa mafungu.

— Basi ni kitoto, akasema Mama Birika. Kikishiba king'ae, kikicheua kififie.

— Wapi. Zinafifia makusudi, akasema Fundi, zile kubwa zisizione zikazimeza. Mficha uchi hazai.

Wakacheka. Yule mama kijana hakucheka. Tangu lile neno chaji, alikuwa amewageukia.

— Shikamooni, samahanini, akasema. Hizo changa zinazofifia, zote huwaka tena?

— Inategemea na… alianza Antena, akapunguza sauti ya redio.

— Una mgonjwa ndani, mwanangu? akauliza Mama Birika.

— Nina mtoto, mama, joto lake linapanda linashuka, hata jina sijampa, ndiyo nauliza, ikififia, mtazamaji anajuaje kama ni vumbi linapita tu, au ndiyo inazimika?

Fundi akamtazama Antena. Antena akatazama ndani ya kikombe. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mtu, asimimine.

Mlinzi akafungua lango, akaita wazazi. Wazazi wengine wakaenda. Yeye akainuka, akaketi tena, akiwaangalia wale watatu mmoja mmoja, akingoja walau mmoja wao adanganye.