Kiti Kando ya Kitanda: Bi Tulia Anastaafu

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Bi Tulia atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita ya utumishi katika Idara ya Picha za Tiba ya hospitali yetu, na siku hiyo hiyo atastaafu rasmi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko wenzangu. Nimeambiwa niandike ukurasa mmoja na nisimlize mtu. La kwanza limeshanishinda, la pili tutaona.

Jina hilo la Bi Tulia halimo kwenye cheti chake. Alipewa na wagonjwa, kwa kuwa ndilo neno wanalolisikia mara nyingi kutoka nyuma ya kioo: tulia, vuta pumzi, izuie, tulia hivyo hivyo, haya pumua. Wapo watu wazima na akili zao ambao wakikutana naye sokoni hubana pumzi kwa utani mpaka awaruhusu. Nyumbani nako mambo ni yale yale. Mjukuu wake wa kike humlaza mwanasesere juu ya meza, hukimbilia nyuma ya mlango, na kutoka huko huamuru asitikisike. Tunaambiwa mwanasesere huyo ndiye mgonjwa mtulivu kuliko wote waliowahi kupita mikononi mwa ukoo ule.

Alianza enzi za filamu. Wakati huo picha ya mguu uliovunjika haikuonekana papo hapo. Iliingizwa chumba cha giza, ikaoshwa kwa dawa, ikasuuzwa na kuanikwa kwa vibanio kama nguo. Vidole vyake vilinuka dawa hata baada ya kuoga. Shemeji yetu, yaani mumewe, ni fundi viatu na mwenyewe hunuka gundi, na anadai ndoa yao imedumu kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki ya kumlalamikia mwenzake.

Baadaye zikaja eksirei za kompyuta, mashine ya kupiga picha za matiti, altrasaundi na siti skani. Kila mashine ilipoingia, sisi wengine tulinung'unika wiki nzima. Yeye alivuta kiti akasoma kitabu cha maelekezo mpaka mwisho, pamoja na zile kurasa za onyo ambazo sijui kama kuna binadamu mwingine amewahi kuzisoma.

Ni yeye aliyelishikia bango suala la picha mbili kwa kila mfupa, moja ya mbele na moja ya ubavu, kwa kuwa ufa unaojificha ukiutazama mbele huweza kuwa wazi kabisa ukiutazama kwa pembeni. Alitufundisha kuitilia shaka picha inayokubaliana nasi haraka mno. Ni yeye pia aliyempokea mtoto aliyemeza ufunguo wa duka la baba yake. Picha ilipotoka, ufunguo ulionekana tumboni safi, na meno yake yote. Bi Tulia alimweleza baba kwamba mtoto hana hatari, ufunguo utatoka wenyewe. Baba akashukuru, akaitazama picha kwa makini, kisha akauliza kama inatosha kuchongea mwingine, maana wateja wanasubiri.

Lakini kilichomtambulisha zaidi idarani ni uso wake. Msomaji asiye wa kazi hii aelewe kwanza kwamba sisi wapiga picha ndio tunaoona mwanzo. Uvimbe, mfupa uliovunjika, maji kwenye mapafu, vyote hupita mbele ya macho yetu kabla ya mtu mwingine yeyote. Hata hivyo, kusoma picha na kutoa majibu ni kazi ya daktari bingwa, na ipo sababu nzuri. Kivuli kinachotisha kinaweza kuwa kifuko cha maji tu, na kidogo kisichotisha kikawa saratani. Kwa hiyo upo muda ambao sisi tunajua kuna kitu na mwenye mwili hajui. Katika muda huo mgonjwa haitazami mashine. Anatutazama sisi.

Bi Tulia alitufundisha la kufanya: tuwe na uso wa mtu anayesubiri chai ipoe. Kila mwajiriwa mpya alisimamishwa mbele ya kioo cha sinki la kunawia, picha mbaya zikawashwa pembeni yake, naye akatakiwa azitazame huku uso ukibaki ule ule. Ukikunja nyusi, unarudia. Yeye mwenyewe alikuwa hasomeki hata kidogo. Shemeji anasimulia kwamba siku alipomwomba wafunge ndoa, aliondoka bila kujua kama amekubaliwa, ikabidi amtume dada yake akaulize. Dada huyo, ambaye sasa ni wifi, anasema naye alirudi bila jibu la kueleweka.

Miaka mitatu iliyopita tuliletewa mashine mpya ya altrasaundi. Kwa kuwa haina mionzi, desturi yetu ni kuijaribu kwa mmoja wetu, fundi akiwa pembeni anaonyesha vitufe. Siku hiyo kila mtu alikuwa na kisingizio chake. Bi Tulia akacheka, akasema amewalaza wenzake maisha yake yote, leo na yeye alazwe. Akapanda kitandani. Nikampaka jeli, akalalamika ni ya baridi, tukamtania kwamba wagonjwa wake wamekuwa wakisema hivyo hivyo bila kusikilizwa.

Ini lilionekana vizuri, tukasifu mashine. Nyongo nayo ikaonekana vizuri. Nilipofika kwenye figo la kulia, nikauona uvimbe wa duara, mkubwa kama ndimu, ukiwa na rangi isiyofanana na nyama iliyouzunguka.

Nilifanya nilivyofundishwa. Mkono wangu uliendelea kusogeza kichwa cha mashine bila haraka, nikahamia upande wa pili, nikasema kioo cha mashine kina mwangaza mzuri. Wenzangu waliokuwa nyuma yangu waliacha kutania. Kioo kilikuwa kimeelekezwa kwetu, hakukiona. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya kawaida, "umevaa uso wangu."

 Akaniuliza kama ni figo. Nikamwambia daktari anakuja. Daktari alikuwa wodini, akachelewa, na muda wote huo Bi Tulia alilala pale na jeli tumboni, katikati ya watu waliokula naye chakula cha mchana miaka na miaka, na hakuna aliyefungua mdomo. Niliifanya kazi yangu barabara siku ile, na sijawahi kuichukia kiasi kile.

Ilikuwa saratani. Kwa bahati yake, ilikuwa bado imo ndani ya figo, haijatoka. Figo liliondolewa lote, na lililobaki linafanya kazi ya mawili bila kudai posho. Watoto wake walimsihi asirudi kazini. Hospitali nayo ilikuwa tayari kumpumzisha kwa sababu za kiafya. Alirudi. Tulidhani anarudi kwa ubishi wake tu.

Siku ya kwanza alitukusanya, na ndipo alipotueleza kilichomrudisha. Alisema dawa ya usingizi hakuiogopa sana, na maumivu ya kidonda ameshayasahau. Asichokisahau ni ule muda kabla daktari hajafika.

"Nilijua mnajua," akasema. "Nilikuwa peke yangu kati ya watu wangu. Nikawaza ni wangapi nimewafanyia hivi, tena nikajisifu."

Tangu hapo alikuwa na jambo moja la kumaliza kabla hajastaafu, na muda ulikuwa unamkimbia. Alitaka tuache kunyamaza. Daktari bingwa wetu alikataa, na hoja yake haikuwa ya kijinga: nusu ya neno inaweza kumtia mtu kiwewe kuliko ugonjwa wenyewe, na wengi watalia kwa ajili ya vifuko vya maji. Walibishana ofisini, koridoni, na mara moja kwenye foleni ya chai mpaka mpishi akawaomba wasogee. Wote wawili ni watu wa kushika lao, na kwa wiki kadhaa tulipita katikati yao kwa adabu nyingi.

Mwishowe walikubaliana. Hatutaji ugonjwa, hatubahatishi, wala hatudanganyi. Anayeona jambo humwambia mgonjwa maneno machache: kuna kitu nimekiona ambacho daktari anatakiwa akiangalie leo, sijui ni kitu gani, nitakaa nawe mpaka aje. Daktari naye akaahidi kwamba akiitwa hivyo atakuja siku hiyo hiyo. Bi Tulia akaleta kiti cha kukalia, akakiweka kando ya kitanda. Kioo cha sinki kimebaki cha kunawia tu.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa mama mmoja muuza nguo, mwenye uvimbe kwenye titi. Alilia sana. Bi Tulia alikaa naye kwenye kiti kile, wakazungumza habari za watoto na bei ya vitambaa. Daktari alipofika akakuta ni kifuko cha maji, hakina neno. Alimtazama Bi Tulia kama mtu aliyeshinda kesi. Bi Tulia akamgeukia yule mama, akamwuliza mwenyewe kama ingekuwa heri asiambiwe.

"Ningejua tu, dada yangu," mama akajibu huku akifunga vifungo. "Nyie mkinyamaza mnatisha zaidi. Leo angalau nimepata mtu wa kulia naye."

Daktari hakuleta ubishi tena. Leo ndiye anayewafundisha waajiriwa wapya maneno yale, na huyasema kana kwamba aliyabuni yeye. Bi Tulia amemwacha afaidi.

Idara inamshukuru kwa mikono iliyowageuza maelfu ya wagonjwa kwa upole bila kuwaumiza pale palipovunjika. Inamshukuru shemeji kwa kutuazima mke wake, pamoja na siku za sikukuu ambazo hakuziweka moyoni bali alitudai waziwazi. Inamshukuru wifi, aliyemwuguza baada ya upasuaji na kumkataza asiwapigie simu wauguzi kuwaelekeza kazi.

Mimi nina neno langu la mwisho, na sitalisema kwa kumzunguka.

Bi Tulia, mwezi ujao ni zamu ya kipimo chako cha kila mwaka, na umeomba nikufanyie mimi. Tangu uliponiomba sijalala vizuri. Daktari amekubali kusimama pembeni. Naogopa, na najua nawe unaogopa, ingawa shemeji anasema uso wako bado hausomeki. Basi sikiliza. Hutahangaika kututazama usoni. Kikionekana kitu, utasikia kutoka kwangu kabla jeli haijakauka, na nitakaa nawe. Kisipoonekana, utasikia hivyo hivyo, kisha nitakupa taulo ujifute, ushuke kitandani uende zako nyumbani, maana huna zamu tena. Tunakuombea iwe hivyo mwaka huu, na mwaka utakaofuata, mpaka uchoke kuja.