Msiumwage Unga Ule

Wasikilizaji wapendwa, kama mikono yenu ina shughuli, ipumzisheni kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimsikia mara moja tu, hapa hapa, mchana wa siku ya kazi. Alikuwa anahema. Alisema, "Msiumwage unga ule."

Mtaani walimwita Mama Pasi. Wiki iliyopita Mama Pasi alitutoka.

Mama Pasi alikuwa dobi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la madaftari na sare za shule: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili nzito, mashati yamening'inia kwenye waya kama watu waliopanga foleni. Alipenda kusema pasi haina adabu, haijui bosi wala tarishi, kola ni kola.

Asubuhi moja alishindwa kufunga vifungo vya shati la mteja. Vidole vilikuwa vimevimba, vigumu, kana kwamba ameviazima. Watu wakamwambia ni maji baridi. Wengine wakamwambia ni uzee, na wakati huo mwanawe wa mwisho alikuwa bado hajaanza shule. Hospitali ndiko walikompa jina la kitu hicho: baridi yabisi ya viungo. Nifafanue, maana ndiyo kazi yangu. Kila mwili una askari wake wa kupambana na maradhi. Katika ugonjwa huu askari hao hugeuka na kuvishambulia viungo vya mwenye mwili. Si uzee. Si maji baridi. Wala si mkono wa mtu.

Kwenye benchi la kliniki alikutana na wenzake. Kulikuwa na mwalimu wa chekechea aliyeshindwa kushika chaki. Kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, mkali wa maneno, ambaye goti lake lilikuwa limejaa kama tikiti. Mama Pasi akawaambia, "Chumbani kwangu kuna joto la pasi. Njooni tukae." Kikundi kikazaliwa hivyo. Walisalimiana kwa viwiko. Nesi wa kliniki alikuja kuwafundisha mazoezi, na namna ya kufungua mfuniko kwa kiganja badala ya vidole. Aliwaeleza pia kwamba dawa za hospitali hukawia kufanya kazi, kwa hiyo wavumilie.

Binti yake mkubwa, dereva wa teksi, ameniambia: "Nilikuwa nikisikia vicheko mpaka barabarani. Nikamuuliza mama, wagonjwa hao wote wanacheka nini? Akasema wanashindana nani amechukua muda mrefu zaidi kuvaa soksi."

Wavumilie. Nesi alisema hivyo, wasikilizaji, na kuvumilia si neno jepesi kwa mtu asiyeweza kugeuza ufunguo mlangoni.

Ndipo akaja mwanamume mmoja mpole, na begi begani. Alileta nguo za kupigwa pasi, akaona vidole vya Mama Pasi, akamwonea huruma. Akamwachia vifuko vya unga wa kijivu. Mizizi mitupu, alisema. Siku chache baadaye Mama Pasi aliinyanyua pasi kwa mkono mmoja. Akalia pale pale mezani. Kisha akawaita wenzake.

Nesi hakuambiwa. Mama Pasi mwenyewe alikuja kulisema hilo baadaye, bila kujitetea: "Angenikataza. Na mimi sikutaka kukatazwa."

Kikundi kizima kikaanza kunywa unga ule. Dawa za hospitali zikawekwa kando. Mashavu yakajaa, na majirani wakawasifu kwamba wamenawiri. Fundi akarudi kwenye mashine yake. Ikawa hivyo kwa miezi kadhaa, hata wakaona nesi ndiye asiyejua kitu.

Kisha yule mwanamume akatoweka. Simu yake ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Mwalimu ndiye aliyeishiwa unga kwanza. Baada ya siku chache alianguka mbele ya watoto wa darasa lake, akakimbizwa hospitali hajitambui.

Mumewe alipandwa na hasira. Nani asingepandwa? Akawaandikia wanakikundi wote ujumbe kwenye simu: "Unga wa Mama Pasi ni sumu. Mke wangu yuko taabani. Mwageni wote leo."

Wengi wakaumwaga. Mama Pasi naye akaumwaga wa kwake, akajifungia ndani kwa aibu. Simu zilizoingia zilikuwa za matusi. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili alitapika, miguu ikawa haina nguvu, akadhani ni huzuni. Siku ya tatu binti yake alimwambia, "Mama, huzuni haimmalizi mtu nguvu namna hii." Akamtia kwenye teksi, pamoja na kifuko kitupu alichokikuta chini ya meza ya pasi.

Daktari aliyekuwa anamhudumia Mwalimu alikishika kile kifuko, akawauliza maswali machache, akatazama vipimo vya Mwalimu, kisha akaeleza. Sikilizeni hapa vizuri. Unga ule ulikuwa umechanganywa na dawa kali ya kutuliza uvimbe, inayofanana na kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe. Mtu akiinywa kwa muda mrefu, mwili huacha kujitengenezea ya kwake. Akiikatisha ghafla, mwili unabaki mtupu, na anaweza kuzimika. Kwa hiyo hatari ilikuwa mbili: kuunywa bila kujua ni nini, na kuuacha ghafla.

"Nani wengine wanautumia?" daktari akauliza.

"Wote," Mama Pasi akajibu. "Na wameshaambiwa waumwage. Juzi."

Daktari akamwandalia kitanda na sindano. Mama Pasi alikubali sindano, kitanda akakataa. Binti akachukua simu ya mama yake, akawapigia wanakikundi mmoja baada ya mwingine na kumwekea mama sikioni. Wengi walipoona namba ile walikata. Walikuwa na haki ya kukata. Waliopokea walipokea ili watukane, na mmoja alisema, "Dada, umetulisha sumu, sasa unataka tuendelee kula?"

Basi akaja hapa.

Nilikuwa kwenye kipindi cha salamu za mchana. Mlango wa studio ukafunguliwa kwa kiwiko. Nikamwona mwanamke mwenye aproni, amejaa jasho, ameegemea bega la binti yake. Akasema, "Mwanangu, nina watu watakaokufa kama hawatanisikia. Simu zangu hawapokei. Redio hawawezi kuikatia."

Mkuu wetu wa zamu akauliza, "Unga gani huo tena, mama?" Alikuwa amesimama kati ya Mama Pasi na kipaza sauti. Hatutangazi jambo la tiba bila uhakika, na alikuwa sahihi. Nikampigia daktari huku wimbo ukiendelea. Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho na simu ilikuwa bado inaita. Daktari alipopokea, hakuongea sana. Alisema, "Mpisheni aseme. Kila saa ina maana." Mkuu wa zamu akasogea.

Mama Pasi akainamia kipaza sauti. "Mimi ndiye niliyewaletea unga ule. Mnichukie, lakini kesho. Leo msiumwage unga ule. Aliyekwisha kuumwaga aende hospitali sasa hivi, hata akijiona mzima, awaambie madaktari alikuwa anakunywa nini. Mtapunguziwa polepole. Msiuache ghafla."

Kisha akageuka kwangu, na mlimsikia: "Rudia, mwanangu. Wewe wanakuamini." Nikarudia. Nikarudia tena.

Simu zikaanza kuingia. Mmoja yuko njiani kwenda hospitali. Mwingine alikuwa hoi, dada yake ndiye aliyemsikia Mama Pasi redioni, anampeleka. Mama Pasi alikuwa akiwataja mmoja mmoja kwa kazi zao, na binti anapokea majibu. Mwisho akabaki mmoja. Fundi.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Wakaenda.

Karakana ilikuwa kwenye uchochoro wa mageti ya chuma yasiyopakwa rangi. Mlango umefungwa kwa ndani. Jirani, muuza vipuri vya baiskeli, alisema, "Amelala huyo. Tangu jana ana hasira, hataki mtu." Mama Pasi hakuwa na ngumi ya kugongea, vidole vilikuwa vimeshaanza kukataa kukunjwa. Akaupiga mlango wa bati kwa kiwiko, kisha kwa bega. Hakuna sauti. Akamwambia muuza vipuri, "Kaka, vunja. Akija juu, atanipiga mimi."

Wakavunja. Fundi alikuwa chini nyuma ya mitungi ya gesi, uso umelowa, midomo imekauka, anapumua kwa shida. Binti na muuza vipuri walimbeba hadi kwenye teksi. Mama Pasi aliketi nyuma, kichwa cha Fundi mapajani, akiliita jina lake njia nzima ili asizame.

Alipozinduka wodini alimwona amekaa pembeni. Akasema, "Nilikuwa sitaki kukuona."

"Basi fumba macho," Mama Pasi akamjibu. "Lakini mimi sitoki."

Hakuna aliyekufa, wasikilizaji. Nasema tena, hakuna aliyekufa. Mwalimu aliamka, mumewe naye akaja kumwambia Mama Pasi, "Shemeji, niliandika nikiwa na hasira." Akamjibu kwamba aliandika nusu ya ukweli, na hiyo ilikuwa nusu zaidi ya aliyoisema yeye Mama Pasi, aliyemficha nesi yote.

Mama Pasi alitaka kujiuzulu uongozi wa kikundi. Fundi alikataa: "Dada, umetutia shimoni wewe. Unataka kutuacha humo uende wapi?" Akabaki. Nesi akarudi. Ikawekwa sheria moja ya kila mkutano: kila mtu anachokinywa, kiwe cha hospitali, cha duka au cha bibi yake, kiletwe na kiulizwe. Maumivu yalirudi, tena kwa nguvu. Dawa za hospitali zikafanya kazi taratibu, kwa wengine vizuri, kwa Mama Pasi nusu nusu. Pasi nzito hakuishika tena. Alikunja mashati yaliyopigwa na wengine, akafundisha kikundi kwa miaka mingi. Wiki iliyopita nimonia ilimchukua, binti yake akiwa kando ya kitanda.

Jumamosi kikundi kilikutana kama kawaida. Alikuja dada mmoja mgeni, ameficha mikono chini ya mtandio, akauliza Mama Pasi ni yupi. Fundi akamsogezea kiti, akamwambia, "Umemkosa kidogo, dada. Kaa. Kwanza tuambie unakunywa nini, hapa hatutukani mtu."

Kwa binti yake, kwa wanawe wote, kwa wanakikundi: poleni sana, sisi tuliomsikia tunalia nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, pengine chumba cha pili hapo mlipo yupo mtu anayemeza kitu kwa siri kwa sababu maumivu yamemchosha. Msimfokee. Nendeni mkamuulize, kisha msindikizeni hospitali.