Pole ya Elisante

Mgeni rasmi, Bwana Yani, uliye mwenye mgahawa huu, bwana meneja, wageni waalikwa. Shikamoo, mzee wetu.

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa mgahawa wa Ftero, hapa Al Rigga, tunakukaribisha nyumbani kwako. Tunasoma risala hii kwa Kiswahili kwa kuwa ulizaliwa Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, kabla wazazi wako hawajarudi kisiwani kwao Ugiriki. Huhitaji mkalimani.

HISTORIA

Mwaka 2003, tulipofungua, ulitusimulia habari za Ftero, kijiji chenu cha pwani. Kijana alijifunga mbawa za manyoya na nta, akaruka, akalikaribia jua, nta ikayeyuka, akaanguka baharini mbele ya kijiji. Elisante, mhudumu kutoka Same, alisimama akakupa mkono.

"Poleni sana, mzee. Mmezika lini?"

Ulicheka mpaka ukavua miwani, ukasema ni hadithi ya kale. Shomari, mhudumu mwenzake, alimtania mwaka mzima: "Mpare mzima, na ubahili wenu, ulikaribia kutoa rambirambi!"

MAFANIKIO

Meza hujaa. Wageni huipenda hadithi hiyo, hasa mwisho wake, tunapoiangusha sanamu yenye mbawa kwa kamba kutoka darini. Hapo hupiga makofi.

CHANGAMOTO

Mwezi uliopita kamba ilinasa. Elisante alipanda ngazi kuinasua, akateleza. Alifia hospitalini. Mwili ulisafirishwa Same, lakini dada yake Rosina, anayeosha vyombo hapa, alibaki. Alipoomba ruhusa aliambiwa, "Khalas, basi, Rosina. Msimu ukiisha, inshallah." Pasi yake ya kusafiria imefungiwa ofisini.

Siku ya maziko, jioni, hadithi ilisimuliwa kama kawaida. Rosina alikuwa kwenye sinki, mikono imezama povuni. Aliposikia makofi akamuuliza Teresiah, mpishi wetu, "Wanamshangilia nani?"

Teresiah alifungua bomba mpaka mwisho ili maji yapige kelele.

Tangu hapo, saa ya hadithi ikifika, mmoja wetu huenda jikoni kufungua bomba. Juzi meneja akatugombeza kwa kupoteza maji. Hatukubishana naye. Tumechoka, mgeni rasmi. Kwetu jirani akifiwa, hata redio huzimwa. Nawe umekulia kwetu, unajua. Hapa sanamu ilirudishwa darini kabla Rosina hajaambiwa pole na mkubwa yeyote.

MAOMBI

Tulikuwa na mengine: viatu visivyoteleza, feni ya jikoni. Tumeyaacha.

Rosina ndiye yule aliyesimama mlangoni mwa jiko, mwenye kilemba cheusi. Hakututuma. Alisema tu, "Msimsumbue mzee wa watu, amekuja kula." Tunakuomba umwendee, umpe pole kwa Kiswahili chako cha Korogwe, kisha umkabidhi pasi yake. Kaburi la kaka yake hajaliona. Na mama yao amekataa kuanua matanga mpaka binti yake afike. Majirani bado wanalala pale, wakimngoja.

Mungu akulinde njiani, awabariki watu wa Ftero, na amlaze Elisante pema.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Mgahawa wa Ftero,
Al Rigga, Dubai. Desemba 2006.