Kabla ya Ukurasa wa Kwanza

Benchi la Msumari ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, pale lori za Moyale zinapopumzika kabla ya kushika njia ya kaskazini. Jina halisi la Msumari, mwenye duka, ni Githinji, lakini ukimwulizia Githinji hapa Isiolo utaelekezwa kanisani, uliza Msumari. Kando ya benchi Luul ana jiko la makaa na birika la kahawa ya tangawizi, na kwa kweli kikao ni chake, kwa maana akishafunika birika kila mtu huenda zake. Mwisho wa ubao, upande wa kivuli, hukaa Abdighani. Kijiwe kinamwita Gia kwa sababu aliendesha lori ya Moyale miaka ile barabara ilipokuwa mawe matupu, na mpaka leo, akiketi, mkono wake wa kushoto lazima ushike kitu. Siku hizi unashika kitabu. Ni kinene kama tofali, cha Kizungu, na tangu mvua zianze hajasoma hata sentensi moja.

– Leo ndiyo leo, Luul alimwambia huku akimmiminia. – Basi ya Nairobi inaingia alasiri. Umesoma?

– Niko kwa ramani.

– Ulikuwa kwa ramani Ramadhani ikiisha, Abdighani.

– Ramani yenyewe haijakaa sawa.

Kitabu alitumiwa na binti yake, Fahmo, anayesoma chuo kikuu huko Nairobi. Ni cha kwanza katika vitabu tisa, cha tisa bado hakijatoka, habari za falme sita, taa za uchawi na joka, na ndani ya jalada binti ameandika: Aabo, soma hiki, nikija tuongee. Maneno hayo yalimfurahisha Abdighani na kumtia hofu pamoja. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile. Yeye alichukua habari za baba akampa binti, akachukua za binti akampa baba, na kila mmoja akadhani anazungumza na mwenzake. Tangu aondoke, simu zao zilikuwa za umekula, umesali, haya lala salama. Sasa binti amefungua mlango, na baba amesimama nje anakagua bawaba.

Haikuwa uvivu. Dereva wa zamani hawashi injini kabla hajaijua njia: wapi pana maji, wapi mchanga, nani yuko upande gani. Alipofungua kitabu akakuta ramani mwanzoni na mwisho kabisa nasaba za wafalme, alidhani ameonyeshwa pa kuanzia. Kosa lake lilikuwa kuileta ramani ile kijiweni.

– Mimi nimesema tangu zamani na mnanipuuza, alisema Dabaso, dalali wa soko la mifugo, ambaye jina lake la hapa ni Bei. Aliishika ncha ya fimbo yake akaipitisha juu ya ukurasa. – Hawa watu hawagombani juu ya kiti cha ufalme. Angalia hapa juu. Kavu. Angalia hapa chini. Mto. Sasa kiangazi wa juu wanashuka na mifugo, wa chini wanakataa. Ni ugomvi wa malisho, kama wa Kipsing hapa kwetu. Wangekaa na wazee, wachinje ndume, kitabu iishe.

– Na joka? Msumari aliuliza. – Hapa kwa jalada kuna joka.

– Joka inakula mbuzi ya watu. Hiyo ni mnyama pori, na mnyama pori ni ya serikali kuu, si ya kaunti. Gavana wa huko atakuja kutoa pole tu.

– Huko hakuna gavana, Bei. Ni wafalme sita.

– Ndiyo maana wanauana. Hawajagatuliwa.

Nakuam alikuwa amefika na kuzima pikipiki, na sasa alikuwa amejipenyeza kati yao. Wanamwita Panya, maana kutoka Gotu mpaka mjini hakuna kichochoro cha porini asichokijua.

– Mzee, wacha nikuonyeshe, alimwambia Abdighani. – Hii mishale ni jeshi, inazunguka mlima mwaka mzima, si ndio? Na hapa katikati kuna njia.

– Hapo hakuna kitu. Ni karatasi nyeupe.

– Karatasi nyeupe ndio njia yenyewe. Mimi napita karatasi nyeupe kila siku na abiria wawili na mbuzi. Wangechukua nduthi kama yangu, vita inaisha kabla ya lanchi. Na unajua kwa nini mwandishi hajatoa kitabu ya tisa? Alipotea. Yuko huko kwa mlima saa hii anauliza njia.

Msumari aliweka kikombe chini. Hakupenda kupitwa na kijana.

– Hajapotea. Hiyo nafasi nyeupe ni ploti. Nimeona mengi tangu kaunti ije, nafasi nyeupe kwa ramani haikai bure. Huyo mwandishi anajua barabara kubwa itapita hapo, anangoja. Ndio akuze mji, ndio atoe kitabu. Gia, mimi nakushauri kama rafiki: anza na kitabu ya nane, urudi nyuma. Mtu akinunua shamba anaanza na bikoni za mpakani.

– Na joka ni ya nani? Dabaso alirudi pale pale. – Kama iko kwa ploti, mwenye ploti alipe mbuzi.

Wakaingia huko, na ikawa kelele. Luul aliwatazama kama mtu anayetazama maziwa yakikaribia kufurika.

– Saa tisa imepita, alisema. – Mtoto anakuja, na baba yake atamwambia nini? Ploti?

Hapo kijiwe kiliona haya. Wote walimjua Fahmo tangu akiwa mdogo, akikaa mbele kwenye lori kati ya baba na taniboi, akiimba abtirsi, ile hesabu ya mababu ambayo mtoto wa Kisomali hufundishwa mapema: mimi ni Fahmo wa Abdighani wa Dualeh, kurudi nyuma mpaka kwa babu aliyekuja Isiolo na bunduki ya jeshi la Mwingereza, na kumpita yeye. Baba ndiye aliyemfundisha, kati ya Archer's Post na Laisamis, na waliongea sana siku zile.

– Tufanye mazoezi, alisema Msumari. – Mimi ni Fahmo.

– Wewe una ndevu, alisema Nakuam.

– Nyamaza. Haya, Aabo. Kitabu umekionaje?

Abdighani alikohoa, akanyoosha kanzu, akafumba macho.

– Mfalme Orvan ni mtoto wa Teshil. Teshil wa Drom. Drom wa Kaluin, yule aliyefukuzwa na ndugu yake. Kaluin wa Hest. Hest alizaa na wake wawili, na kwa yule mdogo ndiko wanatoka watu wa Taa ya Tatu.

Alikwenda hivyo mpaka wafalme wote sita wakaisha, bila kukwama. Dabaso alitikisa kichwa kwa heshima. Alikuwa na rafiki zake Waborana walioshindwa kukumbuka mababu wa kwao wenyewe namna hiyo.

– Uko sawa, alisema. – Hakuna mtu atakushika hapo. Mwongezee hiyo ya maji.

– Na ya njia ya katikati, alisema Nakuam.

Abdighani aliwaitikia, lakini moyo haukutulia. Alikihisi kitabu pajani kikiwa kizito kuliko asubuhi.

– Salaam aleikum.

Fahmo alikuwa amesimama kando ya jiko, begi begani, vumbi la safari kwenye buibui. Hakuna aliyeiona basi ikiingia.

– Wa aleikum salaam, waliitikia, na Msumari akaongeza habari ya safari kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

– Nzuri, anko. Eddo Luul, shangazi yangu, hujambo. Aabo.

Baba aliinuka, akamshika kichwa kwa kiganja, akauliza kama amekula. Amekula. Kama amesali. Atasali. Basi yale yao yakaisha.

Fahmo alikiona kitabu. Alikichukua, nacho kikajifungua chenyewe kwenye ramani, palipokuwa na madoa ya kahawa, alama ya ncha ya fimbo, na mahali katikati ya mlima ambapo mtu amechora njia kwa kalamu. Alicheka kidogo, macho yake yakalainika, akakaa kwenye ubao pembeni mwa baba yake.

– Ulikisoma kweli, alisema. – Sikutegemea. Haya niambie. Humo ndani unampenda nani?

Abdighani alifungua mdomo. Alimfikiria Orvan, akawafikiria baba zake wote mmoja mmoja, na akagundua hajui kama Orvan ni mtu mwema au mwizi, kama anacheka, kama anampiga farasi wake. Alimtazama Dabaso. Dabaso alitazama fimbo. Msumari alikumbuka kuna mteja dukani, ingawa duka lilikuwa tupu. Nakuam, ambaye hajawahi kukosa njia, aliangalia chini.

– Sijaanza, alisema Abdighani.

– Hujaanza kitabu cha pili?

– Sijaanza hata hiki. Niko kwa ramani.

Baba alikichukua kitabu kutoka mikononi mwa Fahmo, si kwa sababu alikihitaji, ila mkono wa kushoto ulikuwa mtupu.

– Niliogopa, alisema polepole. – Nikisoma na nisikipende, nitakuambia nini? Hii ndiyo kitu moja umenipa tuongee. Nikasema wacha kwanza niijue njia yote, nisiharibu.

Wale wengine walitamani kuwa mahali pengine, lakini hakuna aliyeondoka. Luul alijishughulisha na makaa yasiyohitaji kushughulikiwa.

– Aabo, alisema Fahmo, – mimi nilikianza mara tatu nikakiacha, ya nne ndipo nikakimaliza. Hiyo ramani sijawahi kuiangalia. Na hizo nasaba za mwisho, hakuna mtu anasoma hizo.

– Yeye anazijua zote, alisema Dabaso haraka. – Muulize.

– Zote?

– Zote, alisema Msumari. – Na wake wadogo.

Hapo Fahmo alicheka kwa nguvu, kicheko cha mama yake kabisa, na Abdighani akakihisi kifuani kabla ya kukisikia. Binti alikichukua tena kitabu, akaipita ramani, akatafuta ukurasa wa kwanza. Alisoma kwa Kizungu kimoyomoyo, kisha akawapa kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi.

– Kabla jua halijatoka, mwanamke mmoja alitoka nyumbani na mtungi kwenda kuchota maji.

– Nilisema nini? aliuliza Dabaso. – Maji.

– Bei, wacha mtoto asome, alisema Msumari.

– Lakini ni wa kina nani, huyo mama? aliuliza Abdighani. – Mtu hatoki hivi hivi bila kwao.

– Kitabu hakijasema, alisema Fahmo. – Njiani alikuwa anaongea peke yake, kama kawaida yake, akipanga maneno ya kuwaambia watu wa nyumbani wakiamka.

Abdighani aliinua kiganja, Fahmo akaacha kusoma.

– Huyo, alisema. – Umeniuliza nampenda nani. Huyo.

– Hana hata jina, mzee, alisema Nakuam.

– Mama yako alikuwa hivyo, Abdighani alimwambia binti yake. – Namsikia jikoni, alfajiri, anapanga maneno yetu. Ya kwangu na ya kwako. Nilikuwa najifanya nimelala.

Hakuwa amemtaja mkewe mbele ya binti tangu siku ile ya mazishi. Fahmo aliweka kidole kwenye mstari alipofika, asipotee.

Luul aliinua birika, akalitikisa. Kahawa ilikuwa imeisha. Kwa desturi hapo kijiwe huvunjika, lakini yeye alilifunika, akavuta kigoda chake karibu, akaketi.

– Endelea, alisema.

Binti alikuwa amevisoma vyote vinane. Alijua kila kitu kitakachompata mwanamke yule wa mtungi. Abdighani aliutazama uso wake akitafuta dalili, kama alivyozoea kuwauliza madereva waliotoka mbele kama daraja bado lipo. Swali, atakuwaje huyo mama, lilifika mpaka mdomoni. Akalimeza, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya begi la binti yake, na Fahmo akafungua ukurasa.