Philémon Mweze Zihalirwa, Aliyetengeneza «Iko Wapi» (1971–2024)

Ndugu wa Walungu na wa Bagira, majirani, wafanyakazi wa redio, nanyi mliopanda kutoka mjini asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 15 Juni 2024: haya ndiyo maisha ya mtu tunayemrudisha leo kwenye udongo aliozaliwa juu yake. Tumeyaandika kama alivyoomba mwenyewe, bila kuficha.

Philémon alizaliwa hapa Walungu siku ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa mwalimu Bruno Zihalirwa na maman Agnès Nsimire. Baada yake walizaliwa Guylain, mwaka 1974, na Bibiane Nabintu, tarehe 3 Agosti 1980. Bibiane alipoanza kutembea alimfuata kaka yake kila mahali, shambani, kisimani, mpaka mlangoni mwa shule, hata majirani wakambandika jina la «mkia wa Philémon». Philémon hakukasirika. Yeye mwenyewe alikuwa akigeuka nyuma kila hatua kumi kuona kama mkia upo.

Alisoma shule ya msingi hapa Walungu, kuanzia 1977 hadi 1983, kisha akapelekwa Bagira kwa shangazi yake kwa masomo ya sekondari. Alipata diploma ya serikali mwaka 1990, katika hisabati na fizikia, kwa asilimia sitini na nane. Baba yake alifariki mwaka 1992. Philémon alifundisha ili wadogo zake wasikatishe masomo, na mwaka 1993 akaingia chuo cha ualimu, Institut Supérieur Pédagogique ya Bukavu. Wenzake wa wakati ule wanakumbuka notes zake: aliziandika kwa wino wa rangi tatu, na mwisho wa kila somo aliweka ukurasa wa orodha, neno gani linapatikana wapi. Walimtania kwamba anaandika kitabu juu ya kitabu. Lakini usiku wa kuamkia mtihani, walipanga mstari mlangoni kwake kuziazima.

Hakumaliza. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita viliingia mjini. Bibiane, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alikuwa akiishi naye Bagira. Walitoka pamoja kwa miguu, wakavuka mji, wakashika barabara ya Walungu katikati ya maelfu ya watu waliobeba magodoro na watoto. Siku iliyofuata Philémon aliingia uani kwa maman Agnès akiwa peke yake. Alisema kwamba karibu na Nyantende alimwacha Bibiane amekaa juu ya mzigo kando ya barabara, akateremka bondeni kutafuta maji. Aliporudi, mzigo ulikuwepo, msichana hayupo. Maman Agnès hakumuuliza mara ya pili. Alichemsha maji, akamwosha miguu.

Mwaka 1998 aliajiriwa na Redio Ziwani, kwenye meza ya matangazo. Wakazi wa Bukavu wanaijua kazi hiyo: vifo, mbuzi aliyepotea, diploma iliyoanguka ndani ya basi, na baada ya vita, watu. Kila tangazo liliandikwa ndani ya kaye, yaani daftari, likasomwa hewani mara tatu, kisha kaye likapandishwa juu ya kabati. Mama aliyekuja kuuliza kama kuna mtu aliyemtangaza mwanawe alikaa kwenye benchi siku nzima huku makaye yakifunuliwa moja moja. Philémon hakuweza kuvumilia lile benchi. Mwaka 2003, kwa kompyuta ya zamani iliyoachwa na shirika moja lililofunga ofisi, na kwa vitabu vya kuazima, alianza kutunga programu ya kuyapanga matangazo yale na kuyatafuta. Ilimchukua miaka miwili. Aliiita «Iko Wapi».

Watu wa fani yake waliomtembelea walishangaa kwamba programu haikuanza kwa kuuliza jina. Alikuwa ameona kwamba majina hayatoshi: wanaoitwa Nabintu peke yao walizidi mia mbili, na wengi walibadilisha majina njiani kwa hofu. Iko Wapi iliuliza kwanza: alikuwa na nani? Na huyo aliyekuwa naye, alienda wapi? Barabarani, alisema, hakuna anayepotea peke yake. Anapotea mbele ya mtu mwingine. Programu iliunganisha matangazo mawili yaliyogusana kwa jambo hilo, hata kama yalitofautiana kwa mengine yote.

Mwaka 2006 alikuja mwanamke mmoja wa Nyawera, mbeba mizigo wa soko, aitwaye Bintu. Alikuwa amepoteza mkoba wenye kitambulisho chake. Philémon akamuuliza, kwa mazoea, zamani alikimbia vita akiwa na nani.

«Papa, miye natafuta sakoshi, weye unaniuliza familia?»

«Niyibu tu, maman. Machini njo inauliza.»

«Nilikuwa na mjomba Kalume. Aliingia mu pori kutafuta ndizi, hakurudi tena.»

Akaandika. Likatokea tangazo la miaka miwili nyuma, kutoka Shabunda: mtu aliyeingia porini kutafuta ndizi anamtafuta mpwa wake, aliyemwacha ameshika sufuria ya bluu.

«Ile sufuria ningali nayo,» akasema Bintu. Kisha, akiwa tayari amefika mlangoni huku analia: «Na sakoshi, papa?»

Sakoshi haikupatikana. Lakini kwa hesabu ya redio, watu mia tatu na kumi na wawili walikutana tena na jamaa zao kwa njia hiyo.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Micheline Cito, nao wakajaliwa watoto wawili, Charlène na Élie. Nyumba yao ya Bagira ilijaa vicheko zaidi ya alivyodhani mtu aliyemwona kazini. Huyu aliyewatafutia watu ndugu zao hakujua kamwe alipoweka miwani yake, na maman Micheline alimwambia mbele ya wageni: «Papa Élie, uliza basi machini yako.»

Jambo moja halikuchekewa katika nyumba ile. Fishi ya kwanza ya Iko Wapi, kadi ya kwanza ya mtu anayetafutwa, ilikuwa ya Bibiane. Mwaka 2010 maman Agnès alimwomba mwanawe akubali familia imfanyie Bibiane misa na matanga, alie amalize. Philémon alikataa. «Maman, hatuna hakika. Utamulilia mutu mwenye anaishi?» Maman akamjibu: «Nimechoka kumungojea, mwanangu.» Hakuomba tena. Alifariki tarehe 9 Aprili 2016, bila kumlilia binti yake.

Ugonjwa ulianza Oktoba 2022, kwa maumivu ya tumbo aliyoyaita uchovu. Januari 2023 madaktari walitaja saratani ya ini. Aliendelea na kazi hadi mwaka jana mwishoni, kisha akaiacha programu mikononi mwa Charlène, ambaye alisomea fani hiyo.

Jumapili tarehe 26 Mei, baada ya chakula cha mchana, aliwaita karibu na kitanda mke wake, Guylain na Charlène. Akasema: «Sikuenda ku maji.»

Siku ile ya 1996, karibu na Nyantende, farde, jalada la notes zake, ilikuwa imeanguka kutoka kwenye mzigo. Alipogundua, alimwambia Bibiane akae pale, akarudi nyuma upande wa mjini kuitafuta. Bibiane alimshika shati. Alimwambia, kwa jina analoitwa kaka mkubwa: «Yaya, acha makaratasi.» Philémon akamwahidi kwamba anarudi sasa hivi. Alitembea mbali zaidi ya alivyokusudia, na farde hakuiona.

«Miaka yote ile, yaya,» Guylain akauliza, «ilikuwa makaratasi?»

«Algebra.»

Guylain alitoka, akasimama uani. Aliporudi alivuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha kaka yake.

«Charlène,» Philémon akasema, «fungua fishi ya kwanza. Usahihishe.»

Mahali palipoulizwa mwenzake alienda wapi, tangu mwaka 2005 palikuwa pameandikwa: bondeni, kutafuta maji. Charlène, kompyuta magotini, alifuta. Akaandika: alirudi upande wa mjini, kutafuta karatasi za masomo. Programu ililinganisha, na likatokea tangazo moja, kutoka kwenye kaye la parokia ambalo vijana wa stage, waliokuja kujifunza kazi, waliliingiza na ambalo Philémon hakuwahi kulisoma:

«Miye Luc Balezi, wa karibu na Nyantende. Wakati wa vita nilipokea musichana, anaitwa Nabintu. Alikuwa anarudia mujini kufuata yaya yake mwenye alienda kuangalia makaratasi yake ya masomo. Barabara ilifungwa, juu masasi ilikuwa inapigwa. Aliugua kuhara, siku ya tano alikufa. Nilimuzika kwangu. Wenye mutoto bakuye.»

Philémon alisoma mara mbili. Akauliza liliingia kwenye mashine mwaka gani.

«2014, papa. Tangazo lenyewe ni la 1997.»

«2014,» akasema. «Maman alikuwa angali hai.»

Hatujui kwa nini, katika miaka yote hiyo, hakuiuliza programu yake swali la kweli, hata siku alipobaki ofisini peke yake. Labda alijua kwamba ingemjibu. Hatusomi haya ili kumhukumu. Mtu huyu alibeba ukurasa mmoja wa uongo, na kwa uzito wake akawafungulia wengine mia tatu kurasa zao.

Tarehe 1 Juni Guylain na Charlène walipanda pikipiki mpaka kwa Papa Luc, ambaye yuko hapa kati yetu, nasi tunamshukuru. Aliwaonyesha kaburi nyuma ya migomba, limezungushiwa mawe. «Nilitangaza mara tatu kanisani,» aliwaambia. «Hakuna mutu alikuya. Nikasema, labda familia yake nayo ilikwisha.» Waliporudi, Philémon aliuliza jambo moja tu, kama alikufa peke yake. Guylain akamwambia hapana. Mke wa Papa Luc alimshika mkono mpaka mwisho.

Aliishi siku kumi zaidi. Alifariki nyumbani kwake Bagira, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tano asubuhi. Ombi lake la mwisho lilihusu karatasi hii. «Musiandike eti nilienda ku maji,» alimwambia mke wake. «Kuko batu benye baliandika kama miye, juu ya kuona haya. Basikie. Bakuye basahihishe.» Tangu Jumatano, familia mbili zimekwisha kumpigia Charlène simu.

Philémon ameacha mjane, maman Micheline. Watoto wake, Charlène na Élie. Mdogo wake Guylain, pamoja na mke na watoto wao wanne. Na matangazo zaidi ya elfu arobaini, ambayo Charlène ataendelea kuyatunza.

Waliomtangulia ni baba yake, mwalimu Bruno, 1992. Mama yake, Agnès, 2016. Na dada yake, Bibiane Nabintu, 1980–1996. Ni mara ya kwanza familia hii kuandika mwaka wa pili mbele ya jina la Bibiane. Matanga yatakaa siku tatu nyumbani Bagira, nayo ni ya watu wawili. Anayetaka kumlilia mmoja, awalilie wote.

Mungu awalaze pamoja, mahali pasipo barabara ya kukimbia.