Ozélie Savioz wa Matuta ya Juu, Mshika Ufunguo wa Pipa la Wazee

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Baraza la Wenyeji wa Vercoire, wakwe zetu, majirani, na ninyi nyote mliopanda kutoka bondeni kwa njia hii yenye barafu ili kutushika mkono, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi Clovis Vianin, kitinda mimba wa mama yetu, niwasomee maisha ya dada yangu, na naomba mapema mnivumilie nikikwama, kwa sababu miaka yangu ni sabini na tisa na miwani hii niliinunulia magazeti, sikuinunulia msiba.

Marehemu Ozélie alizaliwa tarehe 11 Februari 1938 hapa hapa Vercoire, jimbo la Valais, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu mzee Basile Vianin na marehemu mama Euphrasie, akabatizwa siku ya pili yake katika kanisa hili, na mama alizoea kusema kwamba maji ya ubatizo yalikuwa baridi kiasi kwamba padri alilia kabla ya mtoto. Yeye hakulia, na katika miaka yote niliyomjua aliendelea hivyo hivyo, akituachia sisi wengine kazi ya kulia.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia Novemba 1945 hadi Aprili 1953, miezi sita tu kila mwaka kama ilivyokuwa desturi, maana ikifika Mei kila mtoto alitakiwa kwenye ng'ombe na mizabibu, na hesabu alinishinda mimi na wenzangu wote hata pale alipokuwa anatufundisha huku anamenya viazi. Mwaka 1954 alikaa mwaka mmoja kwa masista akijifunza mapishi na ushonaji, akarudi na cheti ambacho hakuwahi kukitundika, kisha kuanzia Juni 1955 hadi Oktoba 1961 alifanya kazi bondeni katika kiwanda cha kusindika aprikoti, akipanda nyumbani kila Jumamosi kwa miguu ili Jumapili baada ya misa awe kwenye matuta ya baba kule Tsarvet.

Tarehe 18 Novemba 1961 alifunga ndoa na marehemu Célien Savioz, mjenzi wa kuta za mawe na mchimba mahandaki ya bwawa la umeme, na shemeji alitaka ndoa ifungwe Septemba hali ya hewa ikiwa nzuri, lakini dada akamwambia mbele ya baba, "Célien, Septemba nina zabibu, ukiwa na haraka oa mwingine." Alingoja. Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, Odile aliyezaliwa Agosti 1962 na Germain aliyezaliwa Januari 1965, ambao wote wako mbele yenu hapa, pamoja na wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Sasa nifike kwenye kazi yake, na hapa ndipo mimi mwenyewe ninapoingia, tena vibaya. Mwezi Aprili 1974, mwaka wa nne tangu wanawake wa jimbo letu waanze kupiga kura, kijiji kiliitisha mkutano kuamua kama matuta ya juu yaachwe, kwa kuwa gari haliwezi kufika, kuta sitini na mbili zilikuwa zinadai mawe kila mwaka, na mzabibu wa Rèze uliopandwa kule na wazee ulikuwa unatoa zabibu chache, ndogo, zenye ukali wa kukunja uso, wakati zabibu ya Fendant ya chini ilikuwa laini, inazaa sana na inapendwa mjini. Dada alisimama, akiwa ameshika kitambaa cha kichwa mkononi, akasema, "Huko juu usiku ni baridi, ndiyo maana zabibu inabaki na ukali wake, mchana mawe yanakunywa jua na jioni yanalirudisha, mwezi wa kumi upepo wa joto unashuka kutoka kusini kumalizia kazi, mvua hatuna lakini maji ya barafu yako mferejini, mnataka nini zaidi, mwavuli?"

Watu walicheka, nami kijana wa miaka ishirini na tisa nikaona ni zamu yangu kuchekesha, nikasimama na kusema, "Dada, zabibu zako hata ndege wanazikataa!" Ukumbi ukavunjika mbavu, na yeye akageuka taratibu, akaniambia, "Ndege wa kwako wamezoea vya kutafuniwa, Clovis, na wewe pia." Kura zikapigwa, akashindwa vibaya, na kufikia mwaka 1978 Rèze yote ya Vercoire ilikuwa imeng'olewa, isipokuwa matuta manne ya Tsarvet, ambayo yeye na Célien waliendelea kuyapogoa, kuyafungia kamba na kuyavuna kwa mikono yao miwili miwili.

Ninyi wa hapa mnajua maana ya kulima kule, kwamba udongo unateremka na theluji inayoyeyuka mpaka kwenye ukuta wa mwisho, na kila Machi unatakiwa kurudishwa juu kwa tenga la mgongoni, ngazi mia mbili na kumi na nne, tenga baada ya tenga, mpaka mlima uwe kama ulivyokuwa mwaka jana. Dada yangu alifanya hivyo tangu alipopewa tenga dogo akiwa na miaka saba hadi Machi 2021 alipokuwa na miaka themanini na tatu, na Célien alipofariki Novemba 1989 kwa vumbi la mahandaki lililomkalia kifuani, tulidhani ataacha, lakini Machi iliyofuata tulimwona amebeba tenga la marehemu mumewe, kubwa kuliko lake, na hakuna aliyethubutu kumshauri.

Pipa la Wazee mnalijua, pipa la mlarisi, mti mgumu wa milimani, lililowekwa ghalani mwaka 1871, ambalo halijawahi kukauka wala kuoshwa, kila kinachonywewa kinafidiwa na mvinyo mpya, hivyo ndani yake kila babu yetu ana tone lake, na linafunguliwa anapozikwa mwanamume wa kijiji hiki, wanaume wenzake wakavua kofia na kunywa kikombe kimoja cha mti wakiwa wamesimama. Mwanamke hakuwahi kuvuka kizingiti cha ghala lile. Célien alipokuwa hai, yeye ndiye aliyeileta Rèze ya kujazia mpaka mlangoni, wanaume wakaipokea na kusahau nani aliyeivuna, na Januari 1990 ufunguo nikapewa mimi, ambaye mwaka ule mvinyo wangu ulikuwa umesifiwa kwenye maonyesho ya wilaya, na wahenga hawakukosea waliposema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Badala ya kupanda kwa dada kuomba Rèze, mimi na kiburi changu nikajazia Pipa kwa Fendant yangu, mwaka ule, na uliofuata, na mingine miwili, ndugu zangu, miaka minne mizima.

Tarehe 1 Mei 1994 nilionja, nikatema. Mvinyo wa wazee uliokaa miaka mia moja na ishirini na tatu ulikuwa umepooza, umelegea mdomoni, juu umefanya utando mweupe, nami nikakaa chini ghalani nikilia kwa sauti, maana nilikuwa nimeyaua kwa upole yale ambayo wazee wetu waliyalinda kwa ukali. Nilificha wiki tatu. Maji yaliponifika shingoni nikapanda Tsarvet, na mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini mimi mtaka cha mlimani nilipanda ngazi zote mia mbili na kumi na nne huku nimeinama vile vile.

Nilimkuta anachomeka mawe kwenye ukuta uliobomoka, nikamweleza, akauliza, "Umelijazia nini?" nikajibu, "Fendant," akauliza tena, "Fendant ya nani?" nikasema, "Yangu," basi akakaa juu ya ukuta, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni, kisha akasema, "Tone la baba nalo limo mle ndani, we mtoto." Akaniambia Rèze anayo, lita mia mbili za mavuno ya mwaka uliotangulia, ila hauzi na wala haiachi mlangoni, "Nitaingia kwa mguu wangu na kumimina kwa mkono wangu, hamtaki, kanyweni Fendant."

Tarehe 5 Juni 1994 wanaume arobaini na mmoja tulikutana, na mzee Prosper Zuchuat, aliyekuwa mwenyekiti wetu, Mungu amrehemu, alisema mwanamke akiingia ghalani mvinyo utaharibika, nami nikasimama nikamwambia, "Mzee Prosper, mvinyo umeshaharibika, na aliyeuharibu ana ndevu." Walicheka, wakakasirika, wakanitukana kwa majina ambayo siwezi kuyasoma mbele ya Baba Paroko, na mwisho kura zikawa ishirini na mbili kwa kumi na tisa. Siku sita baadaye dada yangu alivuka kizingiti, hakutazama kulia wala kushoto, akaonja, akatema, akaagiza lita mia moja na hamsini zitolewe, akachoma utambi wa salfa kwenye nafasi iliyobaki ili mvinyo usioze, akamimina Rèze yake polepole kwa mpira mwembamba akiwa amepiga magoti, kisha akasema, "Miaka miwili na nusu, asiguse mtu," akatoka, akarudi kwenye ukuta wake.

Katika miaka hiyo walizikwa wanaume sita bila kikombe, na kila mazishi watu walinitazama mimi, wala sikuwa na pa kujificha. Tarehe 7 Desemba 1996 Pipa likafunguliwa, mzee Prosper akanywa wa kwanza, akabaki na kikombe mdomoni muda mrefu, tukadhani amepatwa na kiharusi, kumbe mzee alikuwa anatafuta maneno, akavua kofia, akamgeukia mwanamke yule aliyesimama karibu na mlango, akasema, "Mama Odile, shika ufunguo, na huyu mdogo wako asisogee hapa hata akija kwa fimbo mbili za uzee." Aliushika miaka ishirini na tano, hadi alipomkabidhi Odile mwaka 2021, na leo Rèze imerudi kwenye matuta kumi na tisa, vijana wanapanda kumwomba Odile vipandikizi, na wale wa mjini waliokuwa wanakunja uso siku hizi wanaandika majina yao mwaka mzima kabla ya mavuno. Alishinda, jamani, dada yangu aliushinda mkutano wote wa mwaka 1974, na mimi nikiwemo.

Lakini jambo moja lilimshinda. Mwaka 2009 aliomba Pipa lifunguliwe pia anapozikwa mwanamke, akikumbusha kwamba nusu ya udongo wa mlima huu umepandishwa na migongo ya akina mama, na ombi likakataliwa kwa tofauti ya kura tatu, na mmoja wa walioinua mkono kukataa ni mimi, kwa woga tu wa kuchekwa tena, na aibu hiyo nimekaa nayo miaka kumi na mitano.

Marehemu alianza kuumwa nyonga Oktoba 2021, akafanyiwa upasuaji katika hospitali ya mkoa, akapata nafuu, na mwaka jana mwezi Novemba moyo ukaanza kuchoka, akakataa kulazwa mara ya pili, akisema hospitali haina dirisha linaloonyesha Tsarvet. Mwezi uliopita nilikaa kitandani kwake nikamwambia ukweli kuhusu kura ile, akanipapasa mkono, akasema, "Nilikuona, Clovis, mkono wako ule mfupi ningeusahau?" Nikamwambia nitawaomba wenzangu wamfungulie Pipa, akafungua macho yote mawili, akasema, "Msinifungulie mimi kwa huruma, ikiwa ni huruma lifungeni, lifunguliwe kwa kila aliyebeba tenga au lisifunguliwe kabisa." Jumapili tarehe 3 Machi 2024, saa tatu asubuhi, kengele ya misa ikilia, alitutoka nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na sita, Odile na Germain wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, muuguzi Fabienne aliyepanda kila asubuhi hata theluji ilipofika magotini na ambaye marehemu alimlipa kwa maneno makali na jibini nyingi, majirani wa uchochoro wa juu walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, wenzake wa kamati ya mfereji, wavunaji wa kutoka Ureno waliomwita mama kwa miaka kumi na minane na waliosafiri siku mbili kuwa nasi leo, na Baba Paroko aliyemletea sakramenti na kuvumilia mawaidha yake kuhusu mvinyo wa altare.

Karatasi ya mwisho nimeiandika asubuhi hii, kwa hiyo mwandiko ni mbaya. Jana Jumatano saa kumi jioni wanaume thelathini na tisa wa Baraza tulikutana, nikasoma maneno ya dada yangu kama alivyoyasema, kwamba iwe kwa kila aliyebeba tenga au isiwe kabisa, kisha mwenyekiti akaita wanaokubali, na mimi nikainua mikono yote miwili, katibu akanikemea nishushe mmoja, na nilipogeuka kuona nani amebaki chini sikuona hata mmoja. Basi tukitoka makaburini asitawanyike mtu, Odile atatangulia na ufunguo, milango yote miwili ya ghala itakuwa wazi, mtaingia nyote, mama zetu mkiwa mbele, na sisi wanaume tutangoja nje tukiwa tumevua kofia mpaka wa mwisho wenu awe amekunywa.

Pumzika, dada, amani yote ni yako, Pipa limefunguliwa.